Ukerezaji wa Chuma Arusha: Kutoka Kipuri Kibovu hadi Mchoro

Katika mji wa Arusha kazi ya kukereza chuma, yaani kuzungusha kipande cha metali kwenye mashine iitwayo leth huku kisu kigumu kikikipunguza hadi kipimo kinachotakiwa, ilikua kwa miongo mingi kama tawi la ukarabati na si la uzalishaji, na hali hiyo ndiyo iliyoamua mengi yaliyowakuta wahandisi wasomi waliojaribu kuibadilisha. Katika karakana za Elerai, Ngarenaro na Unga Limited, ambako fundi wa leth hujulikana zaidi kama mchonga spea, mteja huleta shafti iliyolika, fundi huipima kwa vanya, chombo cha kupimia tofauti ndogondogo, kisha huichongea bushi inayoingia katika shafti hiyo na si katika nyingine yoyote. Huo ni usahihi wa kweli, na wanaoudharau kwa kawaida hawajawahi kuharibikiwa na gari mbali na mji. Lakini ni usahihi kati ya vitu viwili vilivyokwisha kukutana, ilhali kiwanda hudai usahihi kati ya kipande na mchoro, ili kipande kilichotengenezwa leo kiingie katika kingine kitakachotengenezwa mwakani na mtu asiyefahamika.

Upande wa pili wa fani hiyo, ambao ni kuunda metali kwa kuigonga, kuikunja au kuigandamiza bila kuitoa chenga, una umri mkubwa zaidi katika nchi zinazouzunguka Mlima Meru. Wahunzi wa Kimaasai, waitwao Ilkunono, waliofua mikuki na sime, walihesabiwa kuwa kundi la pembeni ambalo Wamaasai wengine hawakuoana nalo, ingawa hakuna moran, yaani kijana mpiganaji, aliyeweza kukaa bila kazi ya mikono yao. Magari yalipoanza kuachwa chakavu kandokando ya barabara, wahunzi walijifunza kuzifua springi zake, na hivyo wakawa wanashughulika na chuma cha pua chenye sifa ambazo Ulaya zilikuwa zikifundishwa vyuoni.

Usomi wa fani hiyo nchini ulipata makao ya kudumu mwaka 1973, Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Ujerumani Magharibi ikiwa miongoni mwa nchi zilizokisaidia. Pamoja na msaada huo ulikuja ukoo wa fikra uliotokana na Georg Schlesinger, aliyepewa mwaka 1904 kiti cha uprofesa wa mashine za zana huko Charlottenburg, Berlin, na ambaye mwaka 1927 alichapisha kitabu cha majaribio ya kuipima mashine yenyewe kabla ya kupima kazi yake: je, spindo, ambayo ni mhimili unaoshika na kuzungusha kipande, inazunguka bila kuyumba, na je, kitanda cha leth kimenyooka? Schlesinger, aliyekuwa Myahudi, alifukuzwa na utawala wa Wanazi na akafia Uingereza mwaka 1949, lakini vipimo vyake viliendelea kutumika, na mwanafunzi wa Dar es Salaam aliyeweka saa ya kupimia juu ya leth alikuwa akifuata utaratibu wake, hata kama jina lake hakulisikia kamwe.

Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani hiyohiyo, kilifunguka wakati mgumu kuliko wote. Vita vya Kagera vilikuwa vinaanza, fedha za kigeni zilikauka, na viwanda vilisimama kwa kukosa kipuri cha ukubwa wa ngumi. Mahitaji hayo ndiyo yaliyoizaa TEMDO, shirika la usanifu wa mitambo lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1980 na kuanza kazi Njiro mwaka 1982, na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichotungiwa sheria mwaka 1981. Mhandisi aliyerudi na shahada ya juu wakati huo alitarajia kutafiti, akajikuta anaombwa kuchonga gia; na si haki kuhesabu kuwa aliupoteza muda huo.

Kwani nadharia ilipata maana mpya katika uhaba. Frederick Taylor, Mmarekani, alionyesha mwaka 1907 kwamba kasi ya kukata huamua maisha ya kisu kwa namna kali mno, kiasi kwamba kwa visu vya chuma cha kasi (high-speed steel) kuongeza kasi kwa sehemu 1 ya 5 huweza kuyapunguza maisha hayo hadi robo hivi. Katika nchi yenye visu tele kanuni hiyo hutumika kutafuta faida. Katika Arusha ya miaka ya 1980 ilitumika kukifanya kisu kimoja kidumu hadi shehena nyingine, ambayo hakuna aliyejua ingefika lini. Joto nalo lilihesabiwa. Vipimo vya urefu duniani kote hutolewa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na shafti ya chuma yenye kipenyo cha milimita 100 inayopimwa kwa nyuzi 30 huonekana kuwa nene zaidi kwa karibu sehemu 1 ya 100 ya milimita, tofauti ndogo inayotosha kuifanya beringi ikatae kuingia. Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ina wastani wa joto ulio karibu na nyuzi hizo, faida ambayo maabara za Dar es Salaam hulazimika kuinunua kwa umeme.

Ulegezaji wa masharti ya biashara kuanzia mwaka 1986 uliuondoa uhaba huo, na pamoja nao ukaondoka msukumo, kwa kuwa kipuri cha kuagiza nje kilikuwa rahisi kuliko cha kuchonga. Utalii uliirudishia fani uhai kutoka upande usiotarajiwa: magari ya Land Cruiser yalianza kukatwa, kurefushwa na kuwekwa paa linaloinuka, kazi inayohitaji mabati kukunjwa mamia ya mara kwa umbo lilelile. Hapo ndipo fundi na profesa hukutana juu ya tatizo moja, nalo ni kwamba bati likishakunjwa hurudi nyuma kidogo, kwa sababu sehemu ya mkunjo ni ya kunyumbuka tu na haikudumu katika chuma. Fundi hulizidishia mkunjo kwa mazoea ya mkono, naye profesa hukokotoa kutokana na unene wa bati, nusu kipenyo cha mkunjo na nguvu ya metali. Na mazoea hayo hufanya kazi vizuri mpaka bati linapotoka kwa muuzaji mwingine.

Mashine zinazoongozwa na kompyuta, ambazo husoma mchoro kwa tarakimu na kuusogeza mkono wa kisu bila kuguswa, zimeupunguza umbali kati ya wawili hao bila kuufuta, maana mashine hutekeleza kwa uaminifu hata kipimo kilichokosewa. TEMDO sasa husanifu vitanda vya hospitali na matanuri ya kuteketeza taka za hospitali hizo, na katika bidhaa kama hizo hoja ya mchoro haikwepeki: gurudumu la kitanda likivunjika Karatu, anayelibadilisha hana budi kupata jingine linaloingia bila kukiondoa kitanda wodini ili kikapimwe karakana ya Elerai.