Kabla ya kununua bwate mpya, uliza gari iliguswa wapi

MPALA, jimbo la Tanganyika – Magari mengi yanayopita kwenye barabara za kando ya ziwa yameishi maisha mengine kabla ya kufika huku. Yalitembea Japani miaka mingi, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, yakaingia Kongo na usukani wao upande wa kuume. Yakifika, kila mwenye gari anaongeza lake. Mmoja anahamisha usukani kwenda kushoto, mwingine anainua springi kwa ajili ya mashimo, mwingine anafunga taa kali juu ya paa au redio kubwa ya kuvutia abiria.

Mabadiliko hayo yana sababu zake, na hakuna wa kumlaumu mtu anayetaka kuona njia usiku. Shida ni kwamba gari ikianza kuugua baada ya kubadilishwa, watu husahau mabadiliko na kutafuta ugonjwa mbali. Habari ya gari moja ya Mpala inafaa kusikilizwa na kila dereva, na zaidi na familia ambazo zimeweka pesa zao kidogo pamoja ili kununua chombo kimoja.

Gari hiyo ni Toyota ya bwate otomatiki, yaani ile ambayo dereva habadilishi vitesi kwa mkono. Watu wa ng'ambo, Kigoma, huiita giaboksi. Ni mali ya likelemba ya familia 14 zilizokimbia upande wa Nyunzu wakati wa mapigano kati ya Watwa na Waluba. Baada ya kupita kambini karibu na mji wa Kalemie, familia hizo ziliteremka kando ya ziwa, zikalima muhogo na kuanika ndagala. Pesa za gari zilikusanywa miaka minne. Ndiyo inayopeleka ndagala sokoni, na ndiyo inayobeba mgonjwa usiku.

Kwa sababu ya safari za usiku, likelemba iliamua kuongeza taa nne juu ya paa, taa moja nyekundu nyuma, na kifaa cha kugeuza umeme wa bateri ili abiria wachaji simu. Kijana mmoja anayefunga redio za magari alifanya kazi hiyo mchana mmoja, na ilionekana nzuri.

Siku ya tatu, gari ilianza vituko. Mchana ilikuwa nzima. Usiku, dereva akiwasha taa za juu, mshale wa mwendo ulishuka hadi sifuri huku gari inatembea, taa ndogo ya O/D OFF ikaanza kuwaka na kuzimika, na bwate ikabaki kwenye kitesi kimoja. Kwenye mlima, abiria walishuka kusukuma. Kisha asubuhi moja injini iliwaka vizuri, lakini mkono wa vitesi ulikataa kabisa kutoka kwenye P.

Kwa kuwa ilianza usiku tu, wengine walisema gari imerogwa na wenye wivu. Mafundi wawili wa njiani walisema neno moja: bwate imekufa. Bwate nyingine ya mtumba, walisema, ingegharimu dola 700 bila kuhesabu usafiri. Likelemba ilikuwa na dola 520, zilizowekwa kwa karo za watoto na mbegu za msimu. Kikao kilifanyika chini ya mwembe na wengi walikubali kuzitoa.

Gari ilisimama siku tisa. Ndagala za wiki hiyo ziliuzwa palepale ufukweni kwa bei ya hasara. Mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa alipelekwa kwa mtumbwi usiku, na upepo wa ziwa ulikuwa mkali. Yeye na mtoto wako salama, lakini mume wake ndiye aliyesimama kikaoni akasema pesa zisitolewe kabla ya mzee mmoja kuiona gari.

Mzee huyo alijifunza ufundi ujanani kwenye karakana ya reli mjini Kalemie, na sasa anatengeneza injini za mitumbwi. Alipofika hakufungua kitu chochote. Aliketi juu ya jiwe, akamuuliza dereva:

"Mwanangu, kabla haijaugua, walifanya nini juu yake?"

"Taa tu, Papa. Lakini ugonjwa ni wa bwate."

"Sijauliza ugonjwa. Nimeuliza walifanya nini, na siku gani."

Dereva alihesabu kwa vidole. Taa zilifungwa Jumanne, kituko cha kwanza kilitokea Ijumaa usiku. Mzee akasema basi kazi itaanzia kwenye taa, na kama taa hazina kosa, ndipo waende kwenye bwate.

Hata hivyo, aliangalia bwate kwanza kwa njia isiyo na gharama. Aliwasha injini, akaiacha ipate joto, akavuta kijiti cha mafuta ya bwate, akayapangusa kwenye kitambaa cheupe na kuyanusa. Yalikuwa mekundu, bila harufu ya kuungua. Mafuta yakiwa meusi na yananuka kama kitu kilichoungua, na injini inapiga kelele huku gari haiendi, hapo ndani kuna sahani zilizoisha na bwate ni mgonjwa kweli. Hii haikuwa hivyo.

Kisha akamwambia mtoto mmoja asimame nyuma ya gari, na dereva akanyage freni, au breki kama wanavyosema Kigoma. Mtoto akasema hakuna taa inayowaka. Hapo nusu ya kazi ilikuwa imekwisha, ingawa waliokuwepo hawakuelewa bado.

Kwenye magari mengi ya otomatiki, mkono wa vitesi unafungwa kwenye P mpaka gari ijue kwamba dereva amekanyaga freni. Inajua kwa ule ule umeme unaowasha taa nyekundu za nyuma. Umeme huo ukikatika, taa haziwaki na mkono hautoki. Mzee alifungua sanduku la fyuzi na kukuta fyuzi ya taa za freni imekatika. Akaweka mpya ya ukubwa uleule. Dereva alipokanyaga, ikakatika tena mara moja. Maana yake kuna waya unaogusa chuma mahali fulani. Walifuata waya wa taa nyekundu iliyoongezwa, wakakuta umepita kwenye ukingo wa mlango wa nyuma bila mpira wa kuulinda. Kila mlango ulipofungwa, waya ulikatwa ngozi kidogo, hadi shaba ikagusa chuma.

Kuna jambo ambalo madereva wengi hawalijui: kwenye Toyota nyingi, karibu na mkono wa vitesi, kuna kitufe kidogo au kitundu chenye kifuniko. Ukivuta freni ya mkono, ukakanyaga freni ya mguu, kisha ukabonyeza hapo kwa bisibisi, mkono unatoka kwenye P. Ni njia ya kuitoa gari mahali pa hatari. Lakini taa za freni zikiwa hazifanyi kazi, anayekufuata nyuma hataona unaposimama, kwa hiyo si dawa ya kuendelea na safari.

Kosa la pili ndilo lililofanya watu waseme uchawi. Umeme wa gari unatoka bateri kwa waya, na unarudi bateri kwa kupitia chuma cha gari yenyewe. Njia hiyo ya kurudi mafundi huiita masi. Mzee aliweka ncha moja ya kipima umeme kwenye kichwa cha bateri cha alama ya kutoa, na nyingine kwenye chuma cha bodi, injini ikiwaka. Taa za juu zikiwa zimezimwa, kipimo kilikuwa karibu na sifuri, kama inavyotakiwa. Alipowasha taa, kilipanda hadi volti 1.8. Hapo hata nusu volti ni dalili ya kasoro.

Hesabu yake ni rahisi. Taa moja ya namna ile inakula wati 55. Nne zinakula wati 220. Ukigawa kwa volti 12, unapata zaidi ya ampea 18. Kijana alikuwa amefungua bolti ya masi ili afunge waya wake hapo, akairudisha juu ya rangi na kutu bila kuikaza. Mchana, umeme mdogo ulipita. Usiku, umeme mwingi ulikosa njia, ukatafuta nyingine kupitia waya nyembamba za kompyuta ya gari. Kompyuta ilipopata habari za uongo juu ya mwendo, ilijilinda: ikaiacha bwate kwenye kitesi kimoja na kuwasha taa ya onyo.

Dawa ilikuwa msasa, bolti iliyokazwa kwenye chuma cheupe, waya mnene na relei kwa ajili ya taa, na fyuzi yake karibu na bateri. Kifaa cha kuchaji simu kiliondolewa. Bateri ilifunguliwa dakika kumi, ikafungwa tena. Jioni gari ilipanda mlima na watu ndani yake. Gharama yote haikufika dola 30.

Mzee aliwaachia wenye gari maonyo mawili. La kwanza, fyuzi ikikatika mara mbili, usiweke kubwa zaidi, wala karatasi ya sigara, wala kipande cha waya. Fyuzi inakatika ili waya usiungue, na magari ya njia hii hubeba madumu ya petroli pamoja na watoto. La pili linawahusu waliohamisha usukani kutoka kuume kwenda kushoto. Kazi hiyo inagusa waya nyingi za dashibodi, pamoja na swichi ya freni. Gari kama hiyo ikianza vituko, viungo vya waya vilivyorefushwa ndivyo vya kuangaliwa kwanza.

Kijana aliyefunga taa hakufukuzwa. Mama mmoja wa likelemba alisema kikaoni kwamba watu waliofukuzwa makwao hawapaswi kuwa wepesi wa kufukuza. Aliitwa, akaonyeshwa bolti, na sasa Jumamosi huenda kwa mzee kujifunza kutumia kipima umeme.

Dola zilizobaki zilirudi kwenye karo na mbegu. Ndani ya gari sasa kuna daftari la shule. Kila anayegusa gari anaandika tarehe, alichofungua na alichoongeza, hata kama ni taa moja. Asiyejua kuandika anamwambia dereva, naye anamwandikia.