Firigisi, sombe na sahani ya aliyepika

Katika familia yetu sikukuu haziishi tarehe 25 Desemba. Zinaanza Noeli, zinapita Bonane, na mbabula haipoi mpaka tarehe 4 Januari, Siku ya Mashahidi wa Uhuru, wakati wajomba wa mwisho wanapopanda gari kurudi Kabare na Walungu. Siku hizo zote sisi tuko jikoni: mabinti wa nyumba, wake za kaka zetu, na shangazi anayetoka Uvira na kifuko chake cha ndagala. Mama na dada zetu, tunataka kuzungumza nanyi juu ya chakula hicho, na juu ya jambo moja ambalo lilituchukua miaka mingi kulisema kwa sauti.

Tuanze na sombe, maana bila sombe kwetu hakuna sikukuu. Wageni husema wamekuja kula mchele na nyama, lakini angalieni ni chungu kipi kinakwisha kwanza. Sombe ya kila siku tunanunua sokoni Kadutu ikiwa imekwisha kusagwa na mashine, na hatuoni haya. Ya Bonane tunaitwanga wenyewe. Tunachagua majani laini ya juu, tunayatia kwenye kinu pamoja na vitunguu majani na pilipili mbichi mbili tatu, tunatwanga mpaka yasionekane tena kuwa majani. Kisha yanachemka muda mrefu, na saa ya kwanza chungu hakifunikwi. Nyanya yetu alitufundisha hivyo bila kutuambia sababu. Baadaye wale kati yetu tunaofundisha tuliisoma kwenye vitabu: majani ya muhogo yana sumu, na ni kule kutwanga na kuchemsha kunakoitoa. Mawese na karanga zilizosagwa vinaingia mwishoni. Murongo mmoja wa karanga unatosha chungu chetu kikubwa. Shangazi anaongeza ndagala zake, na kila mwaka kuna anayelalamika kwamba zimekuwa nyingi, na kila mwaka huyo ndiye anayeomba tena.

Kando ya sombe kuna bugali, kuna maharagwe, kuna sambaza zilizokaangwa zikakauka vizuri, kuna ndizi. Kasiksi inakaa kwa wazee. Kila nyumba inaleta kitu kadiri ya mfuko wake, na mwezi ambao mshahara umechelewa, mtu analeta makala au anakuja mapema kuteka maji, na hakuna anayemhesabia.

Halafu kuna kuku. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Kuku wane, watu zaidi ya 30. Zamani mpango ulikuwa huu: sinia la kwanza linakwenda sebuleni kwa wanaume na wageni, pamoja na firigisi zote nne. La pili ni la watoto. Sisi tulikula mwisho, karibu saa kumi alasiri, tukiwa tumesimama: bugali iliyobaki, mchuzi, shingo na miguu. Hakuna aliyetuamuru. Ilikuwa hivyo tu, na tulikuwa tukicheka kwamba mpishi anashiba kwa harufu.

Mwaka mmoja kicheko kilikatika. Mmoja wetu alikuwa na mtoto wa miezi miwili. Alikuwa amesimama jikoni tangu asubuhi, mtoto mgongoni, na saa kumi alipofika kwenye chungu alikuta mchuzi na mifupa. Alikaa chini, akala bugali na mchuzi ule, akanyonyesha. Hakusema neno. Sisi tulioosha vyombo siku ile ndio tuliosema. Tunawafundisha watoto masomoni kwamba mama anayenyonyesha anahitaji nyama, samaki, maharagwe na mboga. Kwenye kiwanja chetu wenyewe, siku yenye chakula kingi kuliko siku zote za mwaka, mama huyo ndiye aliyekosa.

Bonane iliyofuata tuligawa jikoni kabla sinia lolote halijatoka. Vipande vya wapishi viliwekwa kwenye chungu kidogo, kikafunikwa. Na firigisi mbili tu ndizo zilizokwenda sebuleni.

Baba mkubwa alizihesabu. Alituita, akatuuliza kwa upole, maana si mtu wa kugombeza, kama tumesahau kwamba firigisi ni ya wenye nyumba, na kwamba hiyo ni desturi ya mababu. Tulinyamaza, tukiangalia miguu yetu. Aliyemjibu ni nyanya, anayekaribia miaka 80. Alionyesha sahani yake ya sambaza, akamwambia mwanawe: hizi mimi nilipokuwa mtoto hazikuwamo ziwani.

Ni kweli. Sambaza waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Leo nani angekubali sikukuu ya Bukavu bila sambaza? Hata muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini. Wareno ndio walioufikisha Kongo. Nyanya hakusema hayo ya Wareno, ni sisi tunaoongeza. Yeye alisema jambo lingine, ambalo hatukuwahi kulisikia: kwamba yeye na dada zake walikua bila kuonja kuku wala yai, kwa sababu waliambiwa ni vya wanaume, na kwamba yai lake la kwanza alilikula akiwa tayari na watoto watatu, amejificha nyuma ya nyumba. Sebule ilinyamaza. Baba mkubwa alichukua firigisi moja, akamwekea mama yake kwenye sahani.

Hatutaki kuwadanganya kwamba sasa wote wameridhika. Shemeji mmoja bado anasema tumekuwa wachoyo. Na wifi yetu mmoja hakubaliani nasi kabisa: firigisi anampa mume wake kwa mapenzi, anasema, wala si kwa sheria, na hataki mtu aingie kati. Tumemwachia yake. Chungu kidogo kinachofunikwa, hicho hatukirudishi nyuma, na anayenyonyesha au mwenye mimba ndiye anayekifungua wa kwanza.

Mwaka jana tuliongeza jambo jingine. Vijana wa kiume walipewa kinu. Walianza saa kumi na mbili asubuhi kwa kelele nyingi, mmoja akiimba, mwingine akipiga picha kwa simu, na baada ya nusu saa walileta sombe yao wakidai imeiva kwa kutwangwa. Nyanya aliichukua kidogo kwa vidole, akaisugua, akairudisha kwenye kinu. Aliirudisha mara mbili. Ya tatu alikubali, ingawa sisi tuliona bado kuna vijiti.