Usukani wa Mbao

Mwanangu alipoanza kuokota redio mbovu, nilimkaripia: "Nyumba imekuwa jalala!" Siku moja nikamtupia vitu vyake vyote. Hakunijibu neno.

Baada ya mwezi akaniita: "Baba, njoo ukae hapa." Mezani palikuwa na usukani wa mbao. Nyuma yake alifunga kidude cha kuongezea sauti ya redio. Ukiuzungusha usukani, kiasi cha umeme kinabadilika, na kibao kidogo cha elektroniki kinaipa kompyuta habari hiyo. Pedali za miguuni alichomelewa na mafundi wa Katwe, hapa Kampala. Programu yenyewe, FlightGear, ni ya bure.

Nikaruka kutoka Entebbe. Nilivuta usukani kwa pupa, ndege ikaishiwa kasi, nikaanguka ziwani. "Taratibu, Baba," akasema, mkono wake juu ya wangu.

Chuo cha urubani cha Soroti kipo tangu 1971, lakini ada yake sina. Nilichokuwa nacho ni kumwomba radhi, nikamwomba. Wazazi wenzangu, tuulize kwanza kabla ya kutupa.