Kukaa Mbele ya Mchoraji

Nilitoka kituo cha Green Park saa nne asubuhi, katikati ya Mei, na mfukoni nilikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Humo nilikuwa nimeandika maonyesho ya mwaka mzima ya London, yale ya wachoraji wanaochora mtu akaonekana mtu na jahazi likaonekana jahazi. Niliyakusanya nikiwa Mombasa, kwenye simu, usiku baada ya kufunga karakana: wachoraji wa pasteli mwanzoni mwa mwaka, wachoraji wa sura mwezi wa Mei, Summer Exhibition ya Royal Academy kiangazi, wachoraji wa bahari joto likishapungua, na wale wa rangi za mafuta mwaka ukielekea kuisha. Nauli ilitosha safari moja. Kazi yangu ni kuchora sura za watu, kwa hiyo nilichagua Mei.

Nilianzia Burlington House, ingawa nilijua Summer Exhibition bado haijafunguliwa. Nilitaka kuuona ua wake. Sanamu ya Joshua Reynolds, rais wa kwanza wa Royal Academy, imesimama pale na brashi mkononi. Maonyesho hayo yalianza mwaka 1769 na hayajakosa mwaka hata mmoja. Vita viwili vikuu vilipita yakiendelea, na mwaka 2020 korona iliyasogeza mbele miezi michache tu. Mtu yeyote anaruhusiwa kupeleka kazi yake ichujwe, awe na jina au asiwe nalo. Na ni katika jengo hilohilo, mwaka 2021, ndipo Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi anayechora juu ya lubugo, ile nguo ya gome la mti ya Waganda, alipoonyesha michoro yake na kuwapa nafasi waliomtangulia Afrika Mashariki: Elimo Njau, Theresa Musoke, Jak Katarikawe, Sane Wadu na wenzao. Wakati ule nilikuwa nikiyafuatilia maonyesho hayo kwa picha ndogo za simu. Pale uani niliyataja majina yao moja moja, kimoyomoyo, kabla ya kuendelea na njia yangu.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi. Unaiacha Piccadilly, unateremka hadi Waterloo Place, unapita kwenye mnara wa Duke of York na kushuka ngazi pana mpaka The Mall, barabara yenye lami nyekundu inayokwenda hadi kasri la Buckingham. Ukikata kushoto, kabla hujafika tao la Admiralty, kuna mlango wa kawaida kabisa ambao mgeni anaweza kuupita bila kuugundua. Hapo ndipo ilipo Mall Galleries, nyumba ya vyama vya wachoraji walioshikilia kuchora kinachoonekana.

Chama cha wachoraji wa sura, Royal Society of Portrait Painters, kilianzishwa mwaka 1891, na miongoni mwa wanachama wake wa mwanzo walikuwa Whistler na Sargent. Kila mwaka hutundikwa picha karibu 200, za wanachama na za watu wa nje waliopita kwenye mchujo. Niliingia nikaona nyuso kutoka ukuta hadi ukuta. Majaji, watoto wa shule, mwanamke aliyetoka kujifungua, mpishi, mzee asiye na meno. Kuna watu maalumu wa kukusaidia ukitaka kuagiza picha yako au ya mzazi wako: wanakuonyesha kazi za wachoraji, unachagua mmoja, mnapatana bei na vikao.

Vikao ndivyo vilivyonipeleka kule. Kwetu Mombasa sikosi kazi, namshukuru Mungu, lakini karibu kila sura ninayochora inatoka kwenye simu. Mteja anakuja na picha ya marehemu baba yake, imekatwa kutoka picha ya arusi, bega la mtu mwingine linaonekana pembeni, na anataka iwe kubwa na mzee avae koti ambalo siku ile hakulivaa. Naifanya kwa moyo wote. Lakini simu imemwona yule mzee kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa jicho moja, na mimi naongeza juu ya kile ambacho simu ilikiona. Sijui kichwa chake kilivyokuwa kikizama mabegani akichoka, wala rangi ya masikio yake jua likipita nyuma yake.

Katika chumba cha pili nilisimama mbele ya picha ya mzee mweusi aliyeketi kwenye kiti cha mbao, mikono juu ya magoti. Mbali kidogo ngozi yake ilikuwa kahawia tu, ya kawaida. Nilipokaribia, ile kahawia ikatawanyika. Juu ya paji la uso, mahali mwanga wa dirisha ulipogonga, palikuwa na buluu hafifu iliyokaribia kijivu, imepakwa mara moja na kuachwa. Chini ya taya palikuwa na rangi ya matofali. Pembeni ya pua, kijani. Mstari mmoja mwembamba. Wengi wetu tumezoea kuchukua kahawia ya kopo, kutia nyeupe panapong'aa na nyeusi penye kivuli, na sura inatoka kama ya udongo. Ngozi nyeusi hupokea rangi za kila kilicho karibu nayo: anga, ukuta, shati. Mchoraji huyu alikuwa ameziona kwa sababu mzee alikuwa mbele yake, na zilikuwa zikibadilika saa hadi saa.

Mchana palikuwa na onyesho la kuchora mubashara. Viti vilipangwa, mwanamke wa makamo akakaa juu ya jukwaa dogo, na mchoraji, mwanamke pia, akaisimamisha turubai yake kando kabisa ya kichwa cha yule anayechorwa. Halafu akarudi nyuma hatua kadhaa. Kutoka pale nyuma uso na turubai vinaonekana kwa ukubwa mmoja, bega kwa bega, na jicho linalinganisha moja kwa moja. Akiona kosa anaenda mbele, anatia brashi mara moja au mbili, anarudi tena nyuma. Njia hii ndiyo wanayofundishwa wanafunzi katika karakana za Florence, na Sargent naye alikuwa akitembea vivyo hivyo mbele ya turubai zake. Nilikuwa nimesoma habari za njia hiyo. Sikujua inachosha miguu kiasi gani. Saa mbili za kazi alizitumia kwa kwenda na kurudi, na mazungumzo yake na yule mama hayakukatika. Walizungumza habari za bustani, za mtoto aliyehamia Australia. Uso ukawa unalegea taratibu. Kile kinywa kilichokuwa kimefungwa kwa adabu mwanzoni kikafunguka kidogo upande wa kushoto, na mchoraji akafuta kinywa alichokuwa amekichora akaanza upya.

Baadaye nilimfuata akisafisha brashi nikamuuliza kuhusu mwanga. Aliniambia, kama ambavyo kila kitabu kinasema, kwamba karakana iwe na dirisha la kaskazini. Nilimweleza tatizo letu. Kule kwao jua la mchana liko upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini linapata karibu mwanga wa anga peke yake, usiohamahama. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini ya ikweta. Kuanzia mwezi wa tatu hadi kama wa tisa jua la mchana liko kaskazini kwetu. Kisha linahamia kusini. Hakuna dirisha lililo salama. Alilifikiria jambo hilo kwa dhati, mikono ikiwa bado na rangi, akaniuliza kama nimewahi kutumia madirisha mawili, moja la kusini na moja la kaskazini, nikiyafunga na kuyafungua kwa kufuata majira, na shuka jeupe kwa ile miezi ya katikati. Sikuwahi. Nimeanza sasa, na shuka linafanya kazi.

Mchoraji mwingine niliyekaa naye pale alinikumbusha kisa cha wachoraji Lucian Freud na David Hockney mwaka 2002. Hockney alimkalia Freud kwa zaidi ya saa 100, asubuhi baada ya asubuhi. Zamu yake Hockney ya kumchora Freud ilipofika, alipata saa chache tu. Ukiziona picha hizo mbili, kwa maoni yangu, zile saa zinaonekana.

Shangazi yangu anaishi mashariki ya London tangu sijazaliwa, na nilikuwa nimefikia kwake. Siku iliyofuata alikuwa na mapumziko kazini, akasema atanisindikiza. Tulikwenda National Portrait Gallery, nyuma ya Trafalgar Square, ambako kila mwaka hufika kazi za wachoraji wa sura kutoka nchi nyingi kugombea tuzo iliyoanza mwaka 1980. Lakini mimi nilitaka kumwonyesha picha moja ya kale.

Ayuba Suleiman Diallo alikuwa Mfulani wa Bundu, katika Senegal ya leo, mtoto wa ukoo wa maimamu, aliyehifadhi Kurani nzima. Alikwenda mto Gambia kuuza watu wawili na kununua karatasi. Njiani yeye naye akatekwa, akauzwa, akavushwa bahari hadi mashamba ya tumbaku ya Maryland. Yote mawili ni kweli na sipendi kisa hiki kisimuliwe nusu. Barua aliyomwandikia baba yake kwa Kiarabu ilifika London, ikawagusa watu wenye uwezo, na mwaka 1733 akaletwa Uingereza na kukombolewa. Mwaka huohuo William Hoare alimchora. Picha ni ya Qatar, iliyoiazima nyumba hii. Amevaa kanzu nyeupe na kilemba, na kifuani ananing'inia msahafu wenye jalada jekundu.

Nilimweleza shangazi kwamba Diallo alikataa kwanza kuchorwa, akiogopa kuwa picha itaabudiwa. Alipokubali, alishika sharti la mavazi: achorwe kwa nguo za kwao. Hoare akasema hawezi kuchora nguo asizoziona mpaka aelezwe zilivyo. Diallo akamjibu kwa kumuuliza, mbona basi wachoraji wenu wanathubutu kumchora Mungu ambaye hakuna aliyemwona?

Shangazi alicheka mpaka mlinzi akageuka. Kisha akaisogelea picha.

"Ana haya," alisema. "Mtazame macho. Hataki, lakini amekaa."

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe watu wako wanakukalia hivi?"

"La. Wananitumia picha kwa simu."

"Basi unachora simu."

Sikuwa na jibu. Tulipokuwa kwenye basi la kurudi aliniambia maneno niliyoyasikia tangu utoto, kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha. Hakuyasema kwa ugomvi. Bibi yangu, mama yake, hakuacha hata picha moja. Alipofariki tulibaki na ile ya kitambulisho tu, nyeusi na nyeupe, ambayo uso wake umekaza kwa hofu ya afisa. Mimi nimeuchora uso huo mara kadhaa na sijawahi kumpata. Naheshimu imani ya wazee wangu, ndiyo iliyonilea. Lakini naumia kwamba kuna kizazi kizima cha mama zetu ambacho kimeangaliwa kwa makini na kamera ya ofisi peke yake. Wapo wachoraji walioangalia watu wa kwao wenyewe: Sam Ntiro wa Machame alikwenda kusoma Slade, chuo cha sanaa cha London, miaka ya 1950, akaendelea kuchora watu wa mlimani kwao, wakilima, wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi. Nadhani alijua kwamba mgeni akija kutuchora, atachora kile alichokuja kukitafuta.

Asubuhi ya Jumapili nilikuwa jikoni nikinywa chai, shangazi akatoka chumbani amevaa leso ya kisutu, moja kiunoni na moja kichwani, ambayo sikuwahi kumwona nayo London.

"Nikae wapi?"

Nilimwekea kiti karibu na dirisha, nikapata bodi na vipande vya mkaa nilivyovinunua Mall Galleries. Nilimwomba aangalie nje.

"Nje kuna nini? Ukuta wa jirani. Nakuangalia wewe."

Akaniangalia. Ni kazi ngumu kumchora mtu aliyekuogesha ukiwa mdogo, akikukodolea macho. Mkono ulikosa mara mbili ile nafasi kati ya jicho na nyusi, mpaka nilipoacha kuchora jicho nikachora kivuli chake. Alizungumza muda wote: Kibokoni ya zamani kule Mombasa, nani alimwoa nani, mtoto wa jirani aliyezama Likoni. Kufikia adhuhuri alikuwa amesahau kukaa vizuri. Bega la kulia lilikuwa limeshuka, kama la bibi nilivyomkumbuka akichambua mchele, na hapo nikaanza karatasi mpya.

Nimerudi Mombasa na ile michoro ya mkaa, na orodha ya rangi niliyoiandika pembeni nikiwa namtazama: buluu hapa, matofali pale. Turubai ni sentimita 60 kwa 50. Ameshaniambia itakapokwisha isitundikwe nyumbani kwake, na nimeahidi. Anajua nataka kuituma kwa wachoraji wa sura, kwa maonyesho ya Mei ijayo. Mchujo wa kwanza hufanywa kwa intaneti, miezi ya baridi; wakiipenda ndipo unatakiwa uifikishe yenyewe. Sehemu yake ya kazi ameichagua: niipeleke London imeviringishwa bila fremu, fremu tutapiga huko, na siku ya kuikabidhi ataibeba yeye, kwa basi, mpaka Trafalgar Square. Kabla ya hapo inabidi anikalie tena angalau mara mbili, kwa sababu mikono bado sijaipata. Yeye amesema nije Desemba, apate kunionyesha na wale wachoraji wa rangi za mafuta.