Kwa Binti wa Kaka Yangu, Aliyepewa Nafasi ya Mtumishi

Mwanangu mpenzi,

Sisi sote wa nyumbani tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti la baba yako, ambalo limerudia ada yake ya kumsumbua kila masika. Waraka wako umenifikia, nikafahamu kwamba kiini cha huzuni yako ni hiki: katika mchezo mtakaouonyesha, mwenzio amepewa kuwa bibi mwenye nyumba, nawe umepewa kuwa mtumishi wake, mwenye kanga moja na maneno machache, na sasa wafikiri kuikataa nafasi hiyo ili uilinde hadhi yako.

Kabla hujakata shauri, nisikilize nikusimulie habari za Thelma Ritter, Mmarekani aliyezaliwa Brooklyn, katika mji wa New York, mwaka 1902, ambaye takriban umri wake wote katika filamu aliutumia kuwa mtumishi, muuguzi, mama mkwe na mpishi katika nyumba za wengine, na ambaye mimi, nikiulizwa, humweka mbele ya wengi wa mabibi waliokuwa wakimwamrisha. Ujanani alisomea uigizaji, akaolewa na mwigizaji mwenziwe, Joseph Moran, kisha akaacha jukwaa ili alee watoto wao wawili. Na alipofika mbele ya kamera kwa filamu ya Miracle on 34th Street, mwaka 1947, alikuwa na miaka 45, umri ambao watu wa Hollywood aghalabu huwaonyesha wanawake mlango wa kutokea. Alicheza mama aliyechoka kuzunguka madukani akimtafutia mwanawe kitu cha kuchezea, na jina lake halikuandikwa katika orodha ya waigizaji. Miaka mitatu baadaye, katika All About Eve, alikuwa Birdie, mtumishi wa mwigizaji mashuhuri aliyechezwa na Bette Davis, na ndiye wa kwanza nyumbani mle kumtilia shaka yule mgeni mpole aliyekuja na hadithi ya kuliza. Katikati ya filamu Birdie anatoweka, na mimi tangu hapo huiona nyumba ile kama imepungua mtu wa kusema kweli.

Sasa zingatia Rear Window ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1954, kwa kuwa humo ndimo lilimo darsa ninalotaka ulishike. James Stewart ni mpiga picha aliyevunjika mguu, anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu akichungulia madirisha ya majirani. Ritter ni Stella, muuguzi aliyetumwa na kampuni ya bima kumhudumia. Anaingia akimkaripia kwa tabia hiyo ya kuchungulia, na papo hapo anamtia kipimajoto kinywani, ikawa bwana mkubwa hana budi kunyamaza asikie; kisha anamlaza, anamkanda mgongo kwa mafuta huku akimnasihi aoe, na ulimi na mikono vinakwenda pamoja bila kimoja kukingoja kingine. Siku nyingine anamwandalia kifungua kinywa, na wakati yule bwana anaanza kula, Stella anawaza kwa sauti ni wapi jirani wanayemshuku kuwa muuaji alipoukatia mwili wa mkewe, tena kwa utulivu wa mtu anayekadiria bei ya samaki, hata hamu ya chakula ikamtoka mwenziwe. Kila niitazamapo filamu hiyo najikuta namtazama yeye, si Grace Kelly na magauni yake, ingawa magauni yale, haki isemwe, ni mazuri.

Wala usidhani alijua kuchekesha tu. Mwaka 1953, katika Pickup on South Street ya Samuel Fuller, alikuwa Moe, mwanamke wa makamo auzaye tai mitaani na kuwauzia polisi habari za wezi, ambaye kila senti aliiweka akiba kwa azma moja, nayo ni kununua kaburi la heshima, asije akazikwa pamoja na mafukara wasio na wenyewe. Usiku wake wa mwisho anarudi chumbani hoi, akamkuta mtu anayemtaka amuuze kijana mmoja; naye aliyeuza siri za watu miaka yote, hii akakataa kuiuza. Hakupiga kelele wala hakuwaomba watazamaji machozi. Alizungumza habari za uchovu wake, na hilo likatosha.

Alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi mara 6, nne kati ya hizo mfululizo, kwa filamu za 1950 hadi 1953, na hakuipata hata moja. Sitakudanganya kwamba tuzo si kitu. Ni kitu, na aliyestahiki akanyimwa amedhulumiwa. Katika The Mating Season, ya 1951, yeye ndiye aliyeibeba hadithi, mama anayedhaniwa mpishi katika nyumba ya mwanawe mwenyewe, walakini jina lake likaandikwa baada ya wengine watatu. Watu wa jukwaa la New York walikuwa waadilifu zaidi, kwani mwaka 1958 walimpa tuzo ya Tony kwa mchezo wa nyimbo New Girl in Town, akaishiriki na Gwen Verdon aliyecheza naye. Alifariki mwaka 1969, siku chache kabla hajatimiza miaka 67.

Basi sikuusii uridhike. Kuridhika tuachie sisi wazee. Nakuusia uichukue nafasi hiyo na uidai haki yake: mwombe mwongozaji akupe kazi ya kweli ya mikono, pasi, au mchele wa kuchagua katika ungo, uifanye hasa, na maneno yako yaje kazi ikiendelea. Kaa na yule mama anayewafulia hapo mlipopanga, umtazame anavyosikiliza mazungumzo ya watu bila kuinua kichwa. Walakini usimwige sauti ili watu wamcheke, maana Ritter, ambaye sauti yake ya Brooklyn ingeweza kuchekesha peke yake, alihakikisha kwamba mtumishi ndiye mwenye akili kuliko wote chumbani. Na ujira wako uulize mapema, bila haya.

Mpelekee mwongozaji jawabu wiki hii, kisha unijulishe tarehe ya onyesho, ili mimi na baba yako tuwahi tiketi za basi.

Wassalaam,
Shangazi yako