Yai Humtaja Mama Yake: Kando ya Viziwa vya Kivu

Msafiri atokaye Bukavu kwenda Uvira hupita nchi mbili katika safari moja. Bukavu iko juu, yapata mita 1500 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi zake zina ubaridi, na katika mabonde ya kandokando watu wamechimba viziwa vya samaki chini ya mashamba ya migomba. Kisha barabara hushuka na joto huzidi, mpaka uwanda wa Ruzizi ufunguke mbele ya macho, pamoja na mpunga wake na madimbwi yake, hata kufika Uvira kwenye Ziwa Tanganyika, yapata mita 770 tu. Mvua zirudipo katika mwezi wa Septemba, nchi hizo mbili huimba usiku kucha kwa sauti za vyura. Kunapokucha, karibu kila maji yaliyotulia yana mayai.

Hapo ndipo linapozuka shauri. Mwenye kiziwa auonapo ute katika maji yake hutwaa kikapu, akauchota wote na kuutupa ukingoni. Asema: «Vyura hawa watanimalizia samaki.» Je, amefanya vema? Wasomaji wapenzi, hatuwezi kumjibu kabla ya kujua mayai yale ni ya nani. Mayai hayafanani, na yai humtaja mama yake.

Kwanza tuondoe hofu moja. Mayai yaonekanayo ndani ya ute si ya tilapia. Tilapia wengi wafugwao kwetu hawayaachi mayai majini; mama huyaokota na kuyalea kinywani mwake mpaka watoto waweze kuogelea. Yai la chura halina ganda. Ni doa jeusi, au jeusi upande mmoja na jeupe upande wa pili, lililofungwa katika ute mwangavu. Siku zipitapo, doa lile hurefuka na kuota mkia, ndiye kiluwiluwi.

Tuanze huku juu. Ukiona nyuzi ndefu za ute, zenye mayai meusi yaliyopangwa kama shanga na kuzungushwa katika majani ya majini, mama yake ni yule chura mnene mwenye ngozi ya vipele, ajaye jioni karibu na nyumba. Jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya 10,000, maana wengi wa watoto wake watakufa kabla ya kukua. Viluwiluwi wake weusi huogelea kwa makundi, wakila ukungu wa kijani na mabaki yaliyooza. Hawawindi samaki. Wakiwa wakubwa hutoka majini, wakala mchwa na mende shambani usiku, na hawadai mshahara. Ila mayai yale yana sumu; watoto waliokwisha kuyagusa wanawe mikono, wala wasiyatie kinywani.

Basi mwivi wa samaki ni nani? Ni chura wa kucha. Mwili wake ni bapa na wenye utelezi, macho yake hutazama juu, na kila mguu wa nyuma una vidole vitatu vyenye kucha nyeusi. Hana ulimi, husukuma chakula kinywani kwa mikono. Huishi majini siku zote, ila usiku wa mvua huweza kutambaa nchi kavu kutoka kiziwa hata kiziwa. Hula wadudu, hula samaki wachanga, hata viluwiluwi wa jamii yake mwenyewe. Lakini mayai yake hayana nyuzi wala bonge. Huyataga moja moja, kila moja dogo kama punje ya mchanga mnene, na kuyagandisha kwenye mashina ya majani na juu ya mawe. Mwenye kikapu hayaoni. Hivyo humtupa mtumishi, akamwacha mwivi ndani ya nyumba.

Viluwiluwi wa chura huyu wana nyuzi mbili ndefu kando ya kinywa kama ndevu za kambale, hata wengine hudhani ni kambale wachanga. Huning'inia majini vichwa chini, wakichuja mwani. Tena, tusimhukumu mwivi huyu kwa ukali kupita kiasi. Ndugu yake wa Afrika Kusini alitumika katika hospitali za nchi nyingi, toka miaka ya 1930 hata miaka ya 1960. Jike alidungwa mkojo wa mwanamke, na kama mwanamke alikuwa mjamzito, chura alitaga mayai kabla ya siku kwisha.

Sasa tushuke uwandani. Huko maji ni ya moto na hukauka upesi, nayo mayai yamefuata desturi ya maji. Katika madimbwi mafupi ya kando ya barabara utaona mayai yametandazwa juu ya maji kama utando mwembamba wa safu moja. Ni ya vyura warukao mbali, wenye miguu mirefu na pua iliyochongoka. Hukaa juu ili yapate hewa, maana maji ya moto yana hewa haba. Katika majani marefu ya ukingoni tafuta jani lililokunjwa na kushikamanishwa kwa gundi: ndani yake chura mdogo wa majani ameficha mayai machache. Wengine wa jamii ya vyura wa mitini huyazika katika udongo wenye maji, karibu na kiziwa. Mvua ijapo, watoto huteremka majini. Na ukienda magharibi ya Bukavu mpaka kwenye misitu ya bondeni, waweza kuona povu jeupe limening'inia kwenye tawi juu ya dimbwi. Ni kiota cha chura. Baada ya siku chache viluwiluwi huanguka kutoka katika povu lile, moja kwa moja majini.

Imebaki alama moja, nayo ni ya maana kuliko zote kwa afya ya nyumbani. Geuza jani lielealo majini. Ukiona chini yake kibonge bapa cha ute wa manjano, kama kidonge kilichobandikwa, na baada ya siku chache ndani yake huoni mikia bali makombe madogo, hayo si mayai ya chura. Ni ya konokono wa majini. Baadhi ya konokono hao hubeba kichocho, ugonjwa uliopo katika sehemu nyingi za mashariki ya Kongo. Kidudu chake hutoka katika konokono, kikapenya katika ngozi ya mtu aingiaye majini. Lakini konokono hana ugonjwa mpaka mtu mgonjwa achafue maji kwa choo chake au mkojo wake. Kwa hiyo kukwangua mayai hakutoshi. Choo kijengwe mbali na maji, majani ya ukingoni yafyekwe, watoto wasiogelee hapo, na mgonjwa apelekwe kwa mganga wa hospitali apate dawa.

Kwa mwenye kiziwa, shauri ni hili. Nyuzi za shanga nyeusi ziache, au zihamishe kwenye dimbwi la jirani. Ukimwogopa chura wa kucha, usipoteze nguvu kwa kikapu: baada ya kuvua, toa maji yote, acha matope yakauke mpaka yapasuke, kisha tia samaki waliokwisha kukua kidogo. Na vinamasi vya milimani viache. Mwaka 2008 wataalamu walitoa habari za aina mpya ya chura wa kucha, waliyoipata katika milima ya Itombwe, juu ya Uvira. Kinamasi kikikaushwa ili kulimwa, huenda tukapoteza kiumbe ambacho hakijapewa hata jina.

Wazazi, chukueni chupa nyeupe, tieni maji ya kiziwa na mayai matano tu, wekeni kivulini. Mtoto atazame kila asubuhi, na kuandika aonayo. Viluwiluwi wakianza kuogelea, awarudishe pale pale alipowatoa.