Rangi ya Udongo Wetu mu Nyumba

Mu miji yetu ya migodi watu wengi wanasema: nyumba ya heshima ni nyeupe ndani. Leo ninapenda kutetea kahawia, ile rangi tunaitaga maron. Ni rangi ya udongo tunaokanyaga kila siku, na wengi wanaikimbia, wakidhani ni alama ya umaskini.

Mwaka 2004 mume wangu hakuwa tena na kazi, na fedha ya mwisho wa kazi ilikwisha kuliwa na masomo na dawa. Ndipo tukapata habari kwamba wakwe wanakuja kumposa binti yetu. Kuta za saloni, pale tunapokeaga wageni, zilikuwa zimechafuka kwa moshi wa makala na mikono ya watoto. Kijana wetu wa kwanza akasema: "Mama, tukope fedha, tununue rangi nyeupe ya duka. Wakwe watatucheka." Baba yake alinyamaza. Niliona kitu kilichomuuma hakikuwa ukuta. Ni kusikia watoto wake wanapanga deni mbele yake, sawa vile hayuko.

Nkambo, mama ya mume wangu, njo alijibu: "Batoto, hii nyumba ilijengwa na udongo ya kichuguu. Sasa ule udongo utashindwa kuipamba?" Neno lake lilikuwa kweli. Mu Lubumbashi na pembeni yake, matofali mengi yametoka ku vichuguu. Tena ku kijiji cha Makwacha, upande wa Lubumbashi, wanawake wanapakaga kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi mbalimbali, na watu wanatoka mbali kwenda kuziona.

Kesho yake mume wangu aliita watoto wote, wakaenda kuchimba. Mimi niliwafuata na ndoo, nikamsikia anafundisha: "Wekundu huu ni chuma kilichoshika kutu. Udongo wa manjano ukichomwa mu moto, maji yake yanatoka, unakuwa mwekundu. Na manganezi, sawa ile ya Kisenge, njo inafanya rangi kuwa nyeusi-nyeusi." Kijana wetu alimsikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa siku nyingi sijaona vile.

Namna tulivyofanya ni hii. Kausha udongo, uutwange, uuchekeche kwa kitambaa chepesi. Pika uji mwepesi wa bunga, uuache upoe, halafu uchanganye na udongo mpaka uwe mzito kama maziwa ya mgando. Jaribu kwanza mahali padogo. Pakikauka, pangusa kwa mkono: rangi ikitoka, ongeza uji. Paka mara mbili, na mara ya pili ungoje ya kwanza ikauke. Usiipake mahali pa kuogea wala ku ukuta unaonyeshewa na mvua, kwani maji yataiharibu na bunga litaota ukungu.

Usipake maron ku ukuta wote. Rangi nzito inameza mwangaza, na madirisha yetu mengi ni madogo. Sisi tulipaka chini tu, mpaka kimo cha mgongo wa kiti, pale mikono ya watoto na vumbi jekundu vinafikaga. Juu tuliweka chokaa nyeupe. Mchana chumba hakina giza, na usiku taa ikiwaka, ukuta unaonekana kama una joto.

Neno moja la hatari: rangi ya zamani ku ukuta inaweza kuwa na risasi ndani yake, na vumbi lake linaharibu akili ya watoto. Usiikwangue ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza, watoto wakae mbali, na uchafu wake usiutupe ku shamba.

Wakwe walipofika, mzee mmoja alipitisha mkono ku ukuta, akauliza tulinunua rangi hiyo duka gani. Mume wangu akacheka, akamwonyesha kichuguu nyuma ya nyumba. Wakaongea habari ya udongo muda mrefu kabla ya kufika ku mahari.

Basi, ndugu, kabla ya kukopa franka kwa ajili ya ukuta, tazama kwanza chini ya miguu yako.